Nimekwenda Dar kuutafuta usiku wake baada ya mauzo ya korosho: wa Mtwara na Lindi mnaojiandaa kwenda, pitieni hapa

#1 Mleta uzi (Mtwara)

Wakuu, habari zenu.

Kila msimu malipo ya korosho yakianza kuingia benki, huku kwetu wimbo ni mmoja: "Naenda Dar kula bata." Vijana wanapanda basi alfajiri na jasho la mwaka mzima, baada ya wiki wanarudi wamenyamaza. Mtoto wa mama yangu mdogo alikwenda na pesa ya tani nzima, akarudi kwa nauli ya kuchangiwa. Hakuna aliyemwibia. Aliila mwenyewe, na ukimuuliza aliona nini huko, hana cha kusimulia zaidi ya taa na foleni. Hilo ndilo lililoniuma kuliko pesa yenyewe. Umelala njaa shambani, umepulizia dawa, umeokota korosho moja moja mgongo umepinda, halafu unakwenda kuona jiji na unarudi hujaliona.

Msimu wa 2024 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Nilipolipwa nikamkabidhi mama watoto kadi ya benki, nikabaki na laki nne taslimu na kwenye simu. Nikamwambia, hii ni ya Dar, ikiisha nimerudi.

Niliondoka stendi ya Mkanaledi saa kumi na mbili asubuhi. Ni kama kilomita 560, na pale Somanga bado ungeona makovu ya mvua za kimbunga Hidaya zilizokata barabara Mei mwaka huo. Ukishavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji moyo unaanza kusema umefika, kumbe bado safari ipo. Nilishukia Mbagala Rangi Tatu jua linazama.

Mjomba wangu anaishi Mbagala tangu mimi niko darasa la pili. Ni mlinzi wa usiku huko Upanga. Nilimkuta anafunga kamba za viatu, anatoka kwenda kazini. Nikamwambia nimekuja kuuona usiku wa Dar. Akaniangalia, akasema:

"Mpwa wangu, usiku wa huku una bei mbili. Kuna ya anayezunguka na kuna ya anayekaa. Ukizunguka utalipa kila mlango."

Sikumsikiliza. Ijumaa ile ile nilishapanga na vijana watatu niliosoma nao Mtwara, wako Dar miaka mingi. Saa tatu tukawa Sinza. Saa tano Kinondoni. Saa saba usiku tunashuka kwenye gari mbele ya kiwanja kikubwa cha starehe upande wa Masaki, kiingilio 10,000 kwa kichwa.

Nakuja na muendelezo, natafuta chaji.

#2 Mdau (Masasi)

Naweka mkeka hapa. Mkuu usituache njiani kama wengine, tulishachoka na nyuzi za "inaendelea" zisizoendelea.

#3 Mdau (Newala)

Huyo mjomba ameongea. Wangu aliniambia maneno karibu na hayo 2019 nikamwona mzee. Shusha mkuu.

#4 Mleta uzi

Tuendelee.

Pale Masaki kwanza nikiri, ni pazuri. Taa zimepangwa, muziki unausikia kifuani kabla ya masikioni, watu wamependeza. Baunsa akakagua mifuko kwa adabu. Ila ndani huwezi kuongea na mtu. Nilikaa na rafiki yangu ambaye sikumwona miaka sita na sikujua hata kama ameoa.

Tuliagiza bia na sahani ya nyama ya 40,000. Bia moja 6,000. Sasa mimi nina tabia ya nyumbani: kila chupa ikifunguliwa naokota kizibo naweka mbele yangu. Baa za kwetu Chikongola kila mtu anafanya hivyo, mhudumu mwenyewe anakuachia vizibo mezani ili mwisho mhesabu pamoja na msigombane. Wenzangu waliniambia acha ushamba, huku wanatumia mashine. Nikaviweka tu, kando ya sahani.

Saa tisa ikaja bili: 178,000. Bia 23.

Nikavipanga vile vizibo mezani, mistari miwili ya tano tano na mmoja wa vinne. Kumi na nne. Mhudumu akaviangalia, ni binti mdogo, macho mekundu kwa usingizi. Akasema labda vingine vimeanguka. Tukainama na tochi ya simu, chini hakuna kitu. Akaitwa msimamizi. Msimamizi anasema mashine haikosei. Nikamwambia mashine haikosei, lakini mtu anayeibonyeza amechoka. Ikachukua karibu saa nzima mpaka ikaonekana bia tisa za meza ya jirani zimeingizwa kwetu. Tukalipa 124,000.

Elfu hamsini na nne ile ingekuwa imekwenda hivi hivi. Na tungeilipa kwa sababu watu wanne walikuwa wanaona aibu kuhesabu.

Lakini usiku ulishaharibika. Tukatoka nje kila mmoja na lake. Mwenzetu mmoja akasimama ukingoni mwa barabara, simu mkononi, anaangalia gari la Bolt limefika wapi. Pikipiki ikapita na simu ikaenda nayo. Sekunde mbili. Hata namba ya pikipiki hatukuiona.

Nilifika Mbagala saa kumi na moja alfajiri. Laki nne imebaki laki mbili na ishirini, na nilichokuwa nakikumbuka ni mzozo wa bili.

#5 Mdau (yuko Dar, kwao Tandahimba)

Pole mkuu, ila usiwatishe watu. Mimi huwa natoka na sijawahi kubambikiwa bili. Tatizo lenu mlihama. Mkihama mnafika kila mahali mmechelewa: meza nzuri zimekwisha, wahudumu wamezidiwa, nyie wenyewe mmeshalewa nusu. Chagua pamoja, fika saa tatu, mjue mhudumu wako jina, lipa kila mzunguko unapoletwa. Usiache bili ilimbikize. Ukilipa papo kwa papo hakuna cha kubishania saa tisa usiku.

Na la simu: ukisubiri usafiri, subiria ndani ya geti karibu na mlinzi. Gari likifika dereva atapiga. Barabarani simu ikae mfukoni, tena mfuko wa mbele.

#6 Mleta uzi

Mkuu #5 nakubaliana na wewe kabisa, hasa hilo la kulipa kila mzunguko. Sijakataa viwanja vya Masaki. Ninachosema ni kwamba tulipitia viwanja vitatu kwa usiku mmoja na hatukukaa kwenye hata kimoja.

#7 Dada (Lindi mjini)

Naombeni niongeze upande wetu, maana nyuzi hizi huwa zinaandikwa kama vile wanaotoka usiku ni wanaume tu. Nimesoma chuo Dar miaka mitatu na nilikuwa napenda muziki, bado napenda.

Mdogo wangu wa kike akiniambia anakwenda Dar na anataka kutoka, namwambia haya. Usitoke peke yako siku ya kwanza, muwe angalau watatu, na mkubaliane kabla hamjatoka nyumbani kwamba mtarudi wote. Mtu akisema "nyie tangulieni, mimi nitaletwa," usiku umeishia hapo, mnaondoka naye. Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, na ukienda msalani kinywaji ulichokiacha usikirudie, agiza kingine. Gari la programu kabla hujapanda linganisha namba ya kibao na iliyoko kwenye simu, umwambie dereva atamke jina la abiria wewe ukiwa umenyamaza. Safari itumie kwa dada au rafiki aione kwenye ramani. Kaa karibu na kaunta, siyo kona ya giza. Watu wa kaunta wanaona kila kitu, na nimeshasaidiwa nao mara mbili.

Na pesa ya kurudi isikae pamoja na pesa ya kutumia. Mimi naikunja naiweka nyuma ya kava la simu. Msichana asiye na nauli saa nane usiku anakuwa mikononi mwa yeyote mwenye nauli. Hilo linaniumiza hata kuliandika, lakini nimeliona kwa macho.

#8 Mdau (Nachingwea)

Dada #7 huo ujumbe ungebandikwa stendi zote. Asante sana.

#9 Mleta uzi

Dada yangu ahsante, nimeusoma kwa sauti kwa mama watoto na binti yetu akasikia.

Jumamosi sasa.

Nililala mpaka saa saba mchana. Jioni mke wa mjomba akaniambia twende na watoto Coco Beach, wapo likizo ndogo na hawajafika muda mrefu. Daladala mbili. Wa Mtwara msije mkadharau mkasema sisi tuna ufukwe wetu wa Shangani. Shangani ni tulivu, unasikia maji. Coco Jumamosi jioni ni kama soko lililohamia ufukweni: familia, wapenzi, vijana wa mpira, mabibi wamekaa kwenye khanga. Mihogo inakaangwa mbele yako, inapasuliwa katikati, inamwagiwa kachumbari na pilipili ya ukwaju. Watoto watatu, mke wa mjomba na mimi tulikula tukashiba kwa pesa isiyofika bei ya bia tatu za jana yake. Jua likizama watu wazima wanaanza kuchukua nafasi ya watoto, na upepo unageuka.

Tulirudi Mbagala saa tatu, na mtaani kwa mjomba kulikuwa na shughuli. Binti wa jirani anatolewa ndani, kwao ni Tandahimba. Wamakonde wenzangu mnaelewa: unyago umefanyika hapo hapo Mbagala, ngoma imefuata watu wake kilomita mia tano na ushee. Kinamama walianza na ngoma zetu, na ile ngoma ndogo ilipolia nikajikuta nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Mlio wa Newala, katikati ya nyumba za matofali na nyaya za umeme.

Ilipofika zamu ya vijana wakawasha spika, singeli. Kama hamjawahi kuisikia pale inapozaliwa, redioni mnasikia nusu tu. Ni muziki wa uswahilini Dar, umetoka kwenye muziki wa mchiriku na sherehe za mtaani za vigodoro, na mapigo yake yanapita 200 kwa dakika. Mchezeshaji ana kompyuta moja ndogo yenye ufa kwenye kioo. MC anaghani moja kwa moja, anataja majina ya watu wa mtaa, anamsifia mama wa mwali, anamtania fundi seremala, umati unaitikia. Watoto wanacheza, mabibi wanacheza. Bibi mmoja alinishika mkono akasema, "Wewe mgeni, mbona umesimama kama nguzo ya umeme?" Nikacheza.

Kiingilio hakuna. Nilimtunza mwali, nikanunua soda kreti moja kwa ajili ya meza ya wazee. Saa saba mjumbe akaja na karatasi ya kibali, muda umekwisha, spika zikazimwa. Waliobaki wakarudi kwenye ngoma za mkono, taratibu, mpaka nikalala nikizisikia.

Jambo moja kwa wageni: kwenye shughuli ya mtaa usiingie kama unaingia baa. Nenda na mwenyeji, salimia wazee kwanza, na usipige picha za wari wala kinamama bila ruhusa. Yale siyo maonyesho.

#10 Mdau (Lindi, Mtanda)

Hapo pa ngoma umenitoa machozi kaka.

Halafu niwakumbushe vijana wetu kitu wanapokwenda kule wakijiona wageni kabisa. Hili neno "machinga" ambalo nchi nzima inalitumia, wazee wetu wanalirudisha kwa Wamachinga wa hapa Lindi, vijana waliokwenda Dar kutembeza bidhaa mkononi. Usiku ukikaa mahali popote Dar, angalia anayekuuzia karanga, sigara, pweza, mayai ya kuchemsha. Muulize kwao wapi. Mara nyingi utasikia Kilwa, Lindi, Newala, Masasi. Mtu wa kukuelekeza njia umemkosea kumwita machinga tu bila kumuuliza jina.

#11 Mleta uzi

Mkuu #10 umenigusa, maana Jumapili yangu yote ni ya watu hao.

Jumapili nilikwenda Magomeni kusikiliza dansi. Mzee mmoja jirani wa mjomba anapenda muziki wa zamani, ndiye aliyenichukua. Njiani akanipa darasa: Msondo ilianza 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU. Mlimani Park, hao Sikinde, wakaanza 1978. Miaka hiyo mji mzima uligawanyika, nyumba moja baba Msondo, mama Sikinde. Mzee Gurumo, Muhidin Maalim, aliyefariki 2014, aliimba pande zote mbili na watu wakamfuata alikokwenda.

Bendi tuliyoikuta ni ndogo, wanamuziki wengi wana mvi. Ukumbi wa wazi, viti vya plastiki, saa kumi na mbili jioni tayari wanajaribu vyombo. Bia bei ya kawaida, mhudumu ni mama mtu mzima, akaniita "mwanangu" na vizibo aliviweka mezani yeye mwenyewe.

Naomba niwaeleze hili kwa utulivu, kwa sababu ndiyo sehemu niliyoipenda. Wimbo wa dansi una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni hadithi: mtu anamlalamikia ndugu yake, au mke anamwandikia mume aliyehamia mjini. Watu wanakaa wanasikiliza, wanatikisa kichwa. Wengine wawili wawili wanacheza polepole. Halafu gitaa la solo linabadilika, tarumbeta zinaingia, wanaita chemko. Hapo hakuna anayebaki kwenye kiti. Mzee niliyekwenda naye, miaka sabini na kitu, alisimama akavua koti akalitundika kwenye kiti, akakunja leso akaiweka mfukoni, akaingia uwanjani. Anacheza mabega tu. Miguu inasogea kama anapima hatua. Vijana wawili walimsogelea wakaanza kumfuata, naye hakuwaangalia, lakini akapunguza kasi ili wamwelewe.

Wimbo mmoja ulipofika kwenye beti za mama aliyeachwa kijijini, mwanamke wa meza ya mbele alinyanyuka, akaenda mpaka kwa mwimbaji, akambandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso, akasimama pale pale analia. Hakuna aliyemshangaa. Mwimbaji alirudia ubeti ule mara mbili kwa ajili yake.

Nilikaa mahali pamoja kwa muda wa saa sita. Mhudumu nilishamjua, anatoka Mingoyo. Muuza pweza mlangoni ni wa Kilwa Kivinje, anakata vipande vidogo kwa mkasi, anachoma na kijiti, na kikombe cha supu anakupa bila kukuuliza kama una pesa, mnahesabiana mwisho. Aliniuliza bei ya korosho, nikamuuliza bei ya pweza Kivinje, tukajadili mpaka supu ikapoa.

#12 Mdau (Mtwara, Magomeni)

Hiyo Magomeni yao na sisi yetu tunayo! Mkuu swali: kwa jumla ulitumia ngapi, na mtu mwenye laki mbili aende au akae? Na je, kwetu hapa hakuna usiku? Mbona jioni ukipita mjini mabinti wanauza ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, kuna pweza, kuna muziki.

#13 Mleta uzi

Mkuu, kwetu usiku upo na mzuri. Ming'oko ya chumvi saa mbili usiku huku unaongea na watu unaowajua, sijaona Dar kitu kinachofanana nayo. Ila mtu kutaka kuona jiji ni haki yake, simkatazi.

Hesabu: Ijumaa peke yake kiingilio, magari, mgao wangu wa bili tatu na nauli ya kurudi Mbagala, laki na themanini. Jumamosi, Coco na shughuli, hazikufika 50,000. Jumapili 30,000 pamoja na niliyomtunza mwimbaji. Mwenye laki mbili na ana ndugu wa kumlaza, aende. Nauli ya kurudi aikate mapema au aiache kwa mwenyeji. Asiye na ndugu atafute gesti kabla giza halijaingia, na iwe jirani na anakotaka kukaa, maana usafiri wa saa nane usiku ndiyo unaokula watu.

Nimalizie Jumapili.

Muziki ulikwisha saa sita. Mbagala mbali, na Upanga kutoka Magomeni siyo mbali. Nikampigia mjomba, nikamwuliza naweza kupita lindoni. Akasema njoo, ila uje na bajaji, usije kwa miguu. Nikamkuta kwenye kiti chake nje ya geti, redio ndogo, koti zito, filimbi shingoni. Nilikuwa na mfuko wa korosho za kukaanga nilizotoka nazo nyumbani, nikazimimina kwenye gazeti katikati yetu.

Tulikaa hapo mpaka asubuhi. Mjomba anajua kila gari la mtaa ule kwa mlio wake. Linaingia moja anasema, huyu ametoka Masaki, leo amewahi. Linaingia lingine anainuka kufungua geti kabla halijapiga honi. Saa tisa muuza kahawa akapita akigonga vikombe, kijana wa Ruangwa, akakaa nasi akapumzisha miguu. Saa kumi wakapita wafagia barabara wamevaa vizibao vya njano, mjomba akawasalimia mmoja mmoja kwa jina. Nikamwuliza miaka yote hiyo amewahi kuingia kwenye hivyo viwanja. Akasema aliingia mara moja, harusi ya mtoto wa tajiri wake, na muziki ulikuwa mzuri.

Adhana ikalia, mwenzake wa zamu ya mchana akaja, wakakabidhiana funguo na daftari. Tukatembea wote mpaka kituoni. Nauli ya daladala alilipa yeye, akakataa katakata nisiguse mfuko.